Aliyeanguka na Farasi Wake: Mjadala wa Nyaramba juu ya Sarafu za Vita

Hoja iliyo mezani ni nyepesi kuitamka na nzito kuijibu: je, inafaa mtu wa Nyaramba akusanye sarafu za shaba za dola ya Roma, zile zenye picha ya askari akimchoma adui mkuki? Nimeiweka hoja hiyo mbele ya sauti tano. Sikuzipa majina, kwa sababu nimezitunga kutokana na mabishano yanayozuka kila Desemba, watoto wetu wa ng'ambo wanaporudi Nyamira na mizigo yao na mapenzi yao mapya. Mkusanyaji ni muuguzi anayeishi Minnesota, walikohamia Wakisii wengi. Mwalimu alifundisha historia hadi akastaafu. Binti anasoma akiolojia chuo kikuu. Sokoro, babu yetu sote, ana shamba la chai. Mama anauza ndizi sokoni. Mimi nitaingilia ninaposhindwa kunyamaza.

MKUSANYAJI: Sokoro, naomba uishike hii. Usiogope, haivunjiki. Upande huu ni uso wa Kaizari Constantius II, kichwani ana taji la lulu. Geuza. Huyo aliyesimama ni askari wa Roma, ngao mkono wa kushoto, mkuki mkono wa kulia. Huyo mwingine anaanguka pamoja na farasi wake, na ameinua mkono nyuma kama anayeomba asimaliziwe. Maneno yanayozunguka ni FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati njema zimerejeshwa. Sarafu za maneno haya zilianza kupigwa mwaka 348 hivi, Roma ilipohesabiwa kutimiza miaka 1,100. Na herufi hizi tatu hapa chini, ALE, ni alama ya kiwanda cha Alexandria, Misri. Sarafu hii ilipigwa Afrika.

MAMA: Uliinunua pesa ngapi?

MKUSANYAJI: Dola 20, Mama.

MAMA: Kwangu mimi hiyo ni pesa. Lakini kwa kitu cha zaidi ya miaka 1,600, mbona ni rahisi hivyo? Kitu cha kale nilidhani kinakaa kwenye kioo, kinalindwa na askari.

MKUSANYAJI: Kwa sababu zilipigwa kwa wingi usio na kifani. Dola ya Roma ilikuwa na viwanda kutoka Trier, Ujerumani ya leo, mpaka Antiokia na Alexandria, na vyote vilitoa picha hiyo hiyo. Wanajeshi walilipwa zaidi kwa dhahabu na fedha. Shaba hii ilikuwa ya watu kama wewe, Mama: ya kununulia mkate, mboga, mafuta. Ndiyo maana naipenda. Dhahabu ilionwa na wakubwa, lakini shaba hii ilipita kila mkono. Serikali iliyotaka kusema na mwanamke wa sokoni haikuwa na redio wala gazeti. Ilikuwa na hiki.

MWALIMU: Na ilimwambia uongo. Hebu tuangalie miaka yenyewe. Mwaka 348 wanatangaza nyakati njema. Mwaka 350 Constans, ndugu yake Constantius na mtawala mwenzake, anauawa na watu wa Magnentius, afisa wa jeshi lake mwenyewe. Mwaka 351 Constantius na Magnentius wanapambana Mursa, Osijek ya leo huko Kroatia. Mwandishi wa baadaye, Zonaras wa karne ya 12, anataja waliokufa zaidi ya 50,000. Hata tukiipunguza hesabu hiyo nusu, waliokufa ni Warumi, wameuawa na Warumi. Upande wa mashariki mfalme wa Uajemi, Shapur II, hakutulia, na mwaka 359 akauteka mji wa Amida baada ya kuuzingira. Lakini kwenye sarafu anayeanguka ni mgeni tu, siku zote. Hutaona Mrumi akimchoma Mrumi.

MKUSANYAJI: Sawa, Mwalimu, na sarafu zenyewe zinakupa ushahidi. Tazama hizi mbili. Ya kwanza ni pana, ina uzito, na ilipotengenezwa ilitiwa fedha kidogo. Hii ya miaka kumi hivi baadaye ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na picha ni ile ile. Askari yule yule, mkuki ule ule. Thamani imepungua, majisifu yamebaki. Hilo nililisoma vitabuni na sikulielewa mpaka nilipoziweka mbili hizi kiganjani. Ndiyo faida ya kukusanya.

Hapo Mkusanyaji amesema jambo la maana, nami namuunga mkono. Mtu anayepanga sarafu hizi kwa miaka anaiona propaganda ikifanya kazi hatua kwa hatua. Kati ya mwaka 330 na 335 kulikuwa na GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi: askari wawili wamesimama, kati yao bendera mbili. Baada ya 335 sarafu ikapunguzwa, bendera zikawa moja. Kabla ya hapo Kaizari Constantine alipiga SARMATIA DEVICTA, Ushindi mwenye mabawa akimkanyaga mateka. Na baada ya 364, enzi za Valentinian, ikaja GLORIA ROMANORVM: Kaizari mwenyewe anamburuta mateka, mkono wake umeshika nywele zake. Tangu askari aliyesimama wima hadi mtu anayeburutwa kwa nywele ni kama miaka 30 tu. Kadiri mipaka ilivyozidi kuvamiwa, ndivyo picha zilivyozidi kuwa katili.

SOKORO: Nimewasikiliza. Mmetaja majina ya makaizari, mmetaja viwanda, mmetaja miaka. Huyu anayeanguka anaitwa nani?

MKUSANYAJI: Hajulikani, Sokoro. Wapo wanaosema ni Mwajemi, kwa kofia na ndevu zake. Zipo sarafu ambazo amechorwa tofauti, hana ndevu, au kofia ni nyingine. Sarafu yenyewe haimtaji.

SOKORO: Basi mimi namjua. Januari 1908 Otenyo, mtu wa kwetu, alimchoma mkuki Northcote, yule mtawala Mwingereza ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Kilichofuata ni bunduki za King's African Rifles katika nchi ya Abagusii, nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa, watu kuuawa. Mwalimu, si wewe uliyetuambia kuwa hata wakubwa wao kule London waliona haya?

MWALIMU: Winston Churchill, Sokoro. Wakati ule alikuwa naibu katika wizara ya makoloni. Aliandika akiuliza kama kuna haja yoyote ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile.

SOKORO: Sasa kama Waingereza wangepiga sarafu ya mwaka ule, ingekuwaje? Askari amesimama, Mgusii ameanguka. Na miaka 1,600 baadaye kijana wa nchi nyingine angeinunua kwa dola 20, aseme ni nzuri, imehifadhika, nywele za yule aliyeanguka zinaonekana vizuri. Mwanangu, simkatazi mtu mapenzi yake. Nauliza tu: unapoishika hiyo, unasimama upande gani wa mkuki?

MWALIMU: Na si jambo la kudhania, Sokoro. Walitengeneza vitu vya namna hiyo. Nishani ya Huduma ya Afrika ilianzishwa mwaka 1902, na kwenye utepe wake kilibandikwa kipande chenye jina la kampeni. Kimoja kinasema NANDI 1905-06. Hao Wanandi ni jirani zetu, ambao kiongozi wao, Koitalel Samoei, aliuawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen Oktoba 1905 alipokwenda kukutana naye kwa mazungumzo. Nyuma ya nishani hiyo amesimama Britannia na simba wake, mkuki wa meno matatu uko pamoja naye, jua linachomoza. Nishani hizo zinanunuliwa na kuuzwa mpaka leo, na wakusanyaji wanazigombania.

Na huyo Britannia mnajua alitoka wapi? Alitoka kwenye sarafu ya Roma! Kaizari Hadrian alimchora kwenye shaba karne ya 2 kama nchi iliyo chini ya Roma. Kwenye sarafu ya Antoninus Pius, ya miaka ya 154 na 155, ameketi ameinamisha kichwa kwa huzuni, mshindwa kabisa. Mwaka 1672 mfalme Charles II akamrudisha kwenye sarafu za Uingereza, safari hii akiwa mwenye nchi. Baada ya hapo akavuka bahari na kuja kwetu na bunduki. Picha ya mtu aliyeshindwa ilichukuliwa na wajukuu zake, wakaigeuza kuwa picha ya mshindi, kisha wakaja kutushinda sisi.

BINTI: Na Wajerumani je, Mwalimu? Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uso wa Kaizari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma ya kijeshi, juu yake tai, na maandishi yake ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Hapo hawakuiga Roma kwa siri. Walitaka Mswahili wa Tanga na Msukuma wa Mwanza waishike Roma mkononi wanapolipa kodi. Na Septemba 1914 jeshi la huyo Imperator lilifika Kisii mjini, likapigana na Waingereza tarehe 12. Vita vya watu wawili wanaojiita warithi wa Kaizari, vinapiganwa juu ya mashamba ya wimbi ya babu zetu.

SOKORO: Mimi nina kimoja nyumbani. Baba yangu alikwenda Burma. Akarudi na nyota ya shaba, ina taji katikati na herufi za mfalme George. Jina la vita limeandikwa, Burma. Alama ya mfalme ipo. Jina la baba yangu halipo popote. Yeye hakuanguka, alikuwa upande wa mwenye mkuki, na bado hakutajwa.

MKUSANYAJI: Sokoro, hilo sikulijua.

SOKORO: Sasa unajua. Hiyo kusanya.

Nimejaribu kuipima kauli hiyo ya Sokoro, na sioni pa kuipunguzia uzito. Nyota za vita vile, Waingereza waliwapa askari wao bila kuchonga jina la mtu. Askari wa Afrika Mashariki walipata vivyo hivyo. Aliyeanguka hana jina, na aliyetumwa kumwangusha hana jina pia. Mwenye jina ni aliyepiga sarafu.

BINTI: Mimi naomba turudi kwa Mama. Aliuliza mbona ni rahisi, na jibu lililotolewa ni nusu. Ni rahisi kwa sababu zilipigwa nyingi, kweli. Ni rahisi pia kwa sababu kuna watu wanaopita usiku mashambani Bulgaria, Serbia na Uturuki na mashine za kutambua chuma, wanachimba, wanajaza magunia, wanauza kwa uzito. Kaka, hiyo ya Alexandria ilitoka shamba lipi?

MKUSANYAJI: Muuzaji alisema ni mkusanyiko wa zamani wa Ulaya.

BINTI: Wauzaji wengi husema hivyo. Hata huko unakoishi, Marekani, tangu 2014 kuna makubaliano na Bulgaria yanayozuia kuingiza vitu vya kale vya nchi hiyo, zikiwemo sarafu, visivyo na karatasi. Ukiitoa sarafu ardhini bila kuandika ilikolala, umeiua nusu ya neno lake. Mfano uko jirani kabisa. Bur Gao, kusini mwa Somalia, kaskazini kidogo ya mpaka wetu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kapteni Haywood alitoka huko na sarafu nyingi: za Misri ya akina Ptolemy, za makaizari wa Roma wa karne ya 4, wa ukoo huu huu wa Constantine, na pamoja nazo za Misri ya Wamamluki na za Waturuki wa Uthmaniya. Zingekuwa ushahidi kwamba shaba ya Roma ilifika karibu na Lamu! Lakini vilichanganywaje vitu vilivyopishana miaka zaidi ya 1,000? Zilizikwa pamoja? Zilikutanishwa na mtu wa juzi? Hakuna aliyeandika zilivyolala ardhini, na wataalamu wamebishana tangu wakati huo bila kufika popote. Linganisha na sarafu moja tu ya Kichina, ya mfalme Yongle aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013. Ile ilichimbuliwa na wanaakiolojia. Sarafu moja yenye anwani inatufaa kuliko kapu zima lisilo na anwani.

MAMA: Na akiipata mtu shambani kwake hapa, akiwa analima?

BINTI: Awaarifu Makumbusho ya Taifa, Mama. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa hapa au kuletwa hapa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Na tafadhali asikisugue! Watu wakipata shaba wanakimbilia ndimu na steelwaya, wanaing'arisha kama sufuria. Ule utandu wa kahawia au kijani kibichi ulio mgumu ndio unaoilinda, na maandishi mengi yamebaki ndani yake. Wa kuogopwa ni ule unga wa kijani mpauko unaoparaganyika ukiugusa. Huo ni maradhi ya shaba: chumvi na unyevu vinaila. Ikaushe, itenge na nyingine, itunze pakavu. Maji yasiyo na madini yanatosha kuilowesha na kutoa udongo, kwa subira.

Niongeze jambo ambalo wote watano wamelipita, nalo ni la Afrika Mashariki yetu. Constantius huyu huyu wa kwenye sarafu, mnamo mwaka 356, aliwaandikia barua wafalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, Ezana na Sazana, akiwataka wamrudishe askofu wao Frumentius Alexandria akachunguzwe imani yake. Barua hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya askofu Athanasius. Na Aksum nayo ilikuwa ikipiga sarafu zake. Ezana aliondoa mwezi mwandamo na duara vilivyokuwa juu ya uso wa mfalme, akaweka msalaba. Kisha zikaja shaba ndogo za Aksum ambazo upande mmoja zina mfalme, upande wa pili msalaba, na maneno ya Kigiriki yasemayo: na hili liipendeze nchi. Karibu zama zile zile, watawala wawili wanasema na mwanamke wa sokoni. Mmoja anamwonyesha mtu akichomwa. Mwingine anamwomba ridhaa yake. Sidai kwamba Aksum haikupigana, maana maandishi ya Ezana ya mawe yamejaa vita vyake. Ila kwenye shaba, kitu cha kila mtu, walichagua neno jingine. Ningekuwa mkusanyaji, ningeanzia hapo.

MAMA: Na sisi tumechagua nini? Nimeuza ndizi nikipokea uso wa Kenyatta, nikapokea wa Moi, nikapokea wa Kibaki, na mara hii ni mnyama.

MWALIMU: Ni Katiba, Mama. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinasema noti na sarafu zetu zinaweza kuwa na picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Upande wa pili ni nembo ya taifa.

MAMA: Hiyo nembo ina mikuki miwili na ngao. Nimeiangalia sana wakati hakuna wateja. Ila mikuki imesimama, hakuna mtu chini yake. Mimi naona hiyo ni heri. Mwanangu, wewe kusanya, lakini mtoto akikuuliza hapa Nyaramba, usianze kumwambia habari za kaizari. Anza na huyu aliyelala.

MKUSANYAJI: Nimekubali, Mama. Ila nami nitetee kidogo. Bila mimi kuileta hii hapa, Sokoro asingetaja nyota ya baba yake, na Mwalimu asingetupa Britannia. Mkiniambia niziache, mazungumzo haya yatafanyika wapi? Makumbusho yako Nairobi na Kisumu, na nauli mnaijua. Shule zetu hazina sarafu hata moja ya kumwonyesha mtoto.

BINTI: Hatukwambii uziache. Tunasema usinunue kisicho na karatasi.

Uamuzi wangu ni huu. Kukusanya sarafu za vita kunafaa, kwa masharti mawili. La kwanza ni la Binti: chanzo kijulikane, kimeandikwa, na muuzaji asiyeweza kukitaja asipate senti yetu, hata sarafu iwe nzuri namna gani. La pili ni la Sokoro: kila sarafu iandikiwe maelezo, na maelezo hayo yamtaje anayeanguka kwa kadiri anavyojulikana, pamoja na vita halisi vilivyofichwa nyuma ya maneno matukufu. Anayekusanya bila kufanya hivyo anaendeleza kazi ya Constantius bila malipo.

Na kabla ya kununua chochote ng'ambo, tufungue makopo yetu. Katika nyumba nyingi za Nyamira na Kisii bado zimo senti 10 za shaba zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Zina maandishi ya Kilatini pia, GEORGIVS VI REX ET IND IMP, na kwenye matoleo ya baada ya uhuru wa India yale maneno ya ufalme wa India hayapo tena. Zilikuja kwetu pamoja na kodi, na wazee waliozifanyia kazi kwenye mashamba ya wengine bado wapo wachache. Wauzaji wa vyuma chakavu wanazinunua kwa kilo. Ndugu msomaji, kabla hujaiuza ya nyanya yako, mwulize aliipata kwa kazi gani, kwa nani, mwaka gani, kisha andika jibu lake kwenye karatasi, pamoja na jina lake kamili, na uifunge karatasi hiyo pamoja na sarafu.